Re: Mtihani wa STAAR darasa la tatu, mwanangu kaandikiwa "Did Not Meet", naanzia wapi?

Mama wa Houston, Februari

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni.

Mwenzenu naandika saa nane usiku, nimetoka shifti hata viatu sijavua, mnivumilie nikiandika ovyo. Binti yangu yuko darasa la tatu hapa Houston, juzi kaja na karatasi kwenye begi, matokeo ya mtihani wa majaribio wa STAAR, huu mtihani wa jimbo la Texas, walioufanya mwezi wa kwanza. Kusoma: Did Not Meet, yaani hajafikia. Hesabu: Did Not Meet. Nikasema basi, mtoto kafeli, anarudia darasa. Baba yake ndo usiseme, yeye katoka enzi zile kwao Tabora mtu akifeli mtaa mzima unajua kabla hujafika nyumbani, basi nyumba imegeuka kituo cha polisi, TV imezimwa, tableti imefichwa juu ya kabati, mimi nami nikaagiza vitabu vinne vya mazoezi kwa mkupuo, kurasa kumi kila jioni kabla ya kulala. Mtoto analia. Jana kaniambia mama tumbo linauma, nikamwangalia nikajua kabisa hilo si tumbo, ni kile kitabu.

Naombeni mnisaidie. Kweli anarudia darasa? Kuna mama wa kanisani kaniambia nitafute tuisheni, bei niliyopewa ni dola 60 kwa saa, jamani hizo ni karibu saa nne zangu za kugeuza wagonjwa. Na la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa, huyu mtoto Kingereza anakijua kuliko mimi, nikiongea na watu wa bima kwenye simu yeye ndo ananirekebisha, sasa anafeli vipi kusoma Kingereza?

Baba wa watatu, Dallas

Dada pole, kwanza lala. Aprili bado.

Harudii darasa. Kulikuwa na sheria hapa Texas ya kushikilia watoto wa darasa la tano na la nane wakianguka STAAR, hiyo iliondolewa 2021, na darasa la tatu hata haikuwahusu. Ngazi ziko nne: Did Not Meet (hajafikia), Approaches (anakaribia), Meets (amefikia) na Masters (amebobea). Ukifika Approaches tayari umehesabiwa umepita, Meets ndio wanasema mtoto yuko sawasawa na darasa lake. Halafu hiyo yako ni moko tu dada, hata mtihani wenyewe sio.

Sasa nikuambie ujinga wangu ili usiurudie. Mimi ni mtu wa KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi kwetu Kenya, tena ile ya zamani ya alama 700, na unajua sisi Wakenya mtihani ni kama dini. Kifungua mimba wangu alipofika darasa la tatu nikamfanya kandideti kabisa, saa kumi na moja asubuhi ameamshwa, times table mpaka 12 anaimba kama kasuku, pasti pepa nimeprinti kazini mpaka bosi akaniuliza hizi karatasi zote ni za nini. Matokeo yakaja, hesabu ameanguka. Hesabu! Nikaona nimerogwa.

Nikakaa naye chini nione anakosea wapi. Swali lilikuwa la aina hii: Lupe ana stika 48, ana 19 zaidi ya Ben, Ben ana ngapi? Kijana ameona neno "more" (zaidi), akajumlisha, 67, akaenda mbele na furaha yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili: wewe una 48, umemzidi dada yako 19, yeye ana ngapi? 29. Hakushika hata penseli. Hesabu alikuwa nayo, kilichomwangusha ni ile sentensi. Na Kiswahili kina neno "kuzidi", ukishasema nani amemzidi nani mtoto anaona nani ana kidogo, hawezi kujumlisha. Tangu siku hiyo kwangu hakuna kuandika jibu kabla hujaniambia swali kwa maneno yako mwenyewe, Kiswahili, Kingereza, hata Kitaita cha nyanya yako ukiweza.

Jambo lingine hakuna kitabu kitakuambia: saa. Darasa la tatu wanaulizwa dakika, ukianza saa fulani na ukachukua dakika fulani utamaliza lini. Binti yangu wa pili aliambiwa atunge swali lake la kutoka nyumbani, akaandika basi la shule linakuja 1:05, mimi natumia dakika 40 kujitayarisha, kwa hivyo naamka 12:25. Mwalimu akapiga kosa kubwa. Mtoto alikuwa sahihi kabisa bana! Basi linakuja saa moja na dakika tano, anaamka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, mwulize mtu yeyote Voi. Ikabidi nimwambie hapa nyumbani kuna saa mbili, ya kwetu na ya Texas, kwa mtihani ni ya Texas. Nikabandika saa mbili ukutani. Mke wangu anasema jikoni imekuwa kama airport.

Na sarafu pia. Watoto wetu hawazijui kwa sababu sisi ni kadi na simu tu, mtoto anaulizwa nickel tatu (za senti tano) na dime mbili (za senti kumi) ni senti ngapi na hajawahi kushika nickel maishani. Mwaga sarafu mezani acheze duka. Na inchi, futi, yadi, hivyo vipimo vyao. Kwenye mtihani wanapewa ukurasa wa vipimo lakini kama hajawahi kupima kitu kwa futi ule ukurasa ni picha tu.

Shangazi msaidizi wa darasa, Fort Worth

Marahaba mwanangu, na shemeji wa Dallas umenichekesha na airport yako.

Mimi nasaidia darasani shule ya msingi, mwaka wa saba huu, siongei kwa niaba ya shule yoyote, naongea kama shangazi yenu. Nitakuwa mrefu kidogo.

Swali lako la tatu ndo mzizi wa mambo yote mwanangu. Kingereza cha kuongea mtoto anakiokota mwaka mmoja, miwili, kwenye basi, uwanjani, YouTube. Kingereza cha kitabuni ni kitu kingine, watu waliochunguza lugha wanasema kinachukua miaka mitano mpaka saba kumfikia mwenzake aliyezaliwa nacho. Kwa hiyo anayekurekebisha kwenye simu na anayekwama kwenye habari ya kurasa mbili kuhusu nyuki ni mtoto yuleyule na hakuna ajabu yoyote. Na hata hiyo hesabu ni kusoma, kama baba wa Dallas alivyoona mwenyewe.

Sasa watu wakisikia hivi wanakimbilia kuacha Kiswahili nyumbani, wanaanza kumsemesha mtoto Kingereza cha kuungaunga. Nakuomba usifanye. Mtoto anahitaji mtu wa kufikiri naye kwa lugha ambayo huyo mtu anaimudu, na wewe unamudu Kiswahili. Fanya hivi: asome kipande kifupi kwa Kingereza, kwa sauti, umsikilize hata kama unakata vitunguu. Akimaliza mwambie nihadithie, kwa Kiswahili, nani alikuwepo, alitaka nini, nini kilimzuia, ikaishaje. Kama alivyokuwa anafanya bibi na paukwa pakawa, isipokuwa leo mtoto ndo mtambaji na wewe ndo unaitikia. Akishasema jambo, mfano "huyu mvulana alikuwa na wivu", wewe muulize swali moja tu: UMEJUAJE? Nionyeshe mstari. Basi. Arudi kwenye kitabu aweke kidole. Akisema "nimejua tu", mwambie mimi sijui, nionyeshe.

Nasema hivyo kwa sababu tangu 2023 mtihani umebadilika. Zamani ilikuwa kuchagua A B C D mwanzo mwisho, siku hizi maswali ya kuchagua hayaruhusiwi kuzidi asilimia 75, yaliyobaki ni kuburuta maneno na kuyaweka mahali pake, kubofya sentensi inayothibitisha jibu, kuchagua majibu mawili kwa pamoja, na kuandika. Hata darasa la tatu wana insha, wanasoma habari halafu wanaambiwa waeleze jambo au watoe maoni na waseme ushahidi uko wapi kwenye habari waliyosoma. Insha ni alama 10. Na mimi nawaona watoto kwa macho yangu, anafika pale, anaona lile boksi jeupe, anaandika "I don't know" au anaacha wazi na kuendelea. Sifuri. Mtoto aliyezoea "umejuaje" nyumbani anaandika walau jibu lake na sababu moja, hapo ameshaokota kitu.

Mtihani wote ni kwenye kompyuta mwanangu. Hivyo vitabu vinne si vibaya ila haviwezi kumfundisha kuburuta wala kuchapa. Watoto wetu ni mabingwa wa kidole kwenye kioo lakini mpe kiibodi, herufi kubwa haijui iko wapi, nukta haijui, anatafuta herufi moja moja kama kuku anadonoa mchele, na wazo lenyewe linapotea njiani. Dakika kumi kwa siku achape kitu cha maana, amwandikie bibi yake WhatsApp kwa kompyuta, bibi afurahi na vidole vizoee. Kama hamna kompyuta nendeni maktaba, kadi ni bure na za kutumia pale zipo.

Halafu ingieni texasassessment.gov, kuna mitihani ya miaka iliyopita imewekwa bure, na vifaa vilevile atakavyovikuta siku yenyewe, kufuta jibu asilolitaka, kupaka rangi mstari. Usimpe mtihani mzima. Habari moja na maswali yake Jumamosi, basi, akimaliza muongee kuhusu yale aliyokosa, hayo mawili matatu ndo yenye faida. Na siku ya mtihani mwambie aombe karatasi ya kuchorea hesabu, wengi wanafanya kichwani kwa sababu kompyuta iko mbele yao wanadhani karatasi ni kosa. Asikimbie pia. Umepangwa ili wengi wa darasa la tatu wamalize ndani ya saa mbili lakini akihitaji anaweza kuendelea mpaka mwisho wa siku ya shule, sasa kuna wanaomaliza dakika arobaini ili wawe wa kwanza, sijui nani aliwaambia kuna zawadi.

Tuisheni ya dola 60, hapana, subiri kwanza. Kuna sheria ya 2023 inaitwa HB 1416, mtoto akianguka somo la STAAR shule inatakiwa kumpa masomo ya ziada saa 15 mpaka 30 kwa somo, kwenye kikundi kisichozidi watoto wanne, bila wewe kutoa senti. Na hata sasa kabla ya Aprili muulize mwalimu kwa barua pepe, maneno mafupi tu: mwanangu amekwama kwenye nini hasa, na shuleni anapewa msaada gani? Usiandike "naomba samahani kukusumbua", sisi tunapenda sana kuomba samahani. Ukitaka mkalimani omba, usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, nimeona moja hiyo, mwalimu anasema "hamalizi kazi", mtoto anatafsiri "anasema najitahidi sana".

Mama ya bane, Abilene

Salamu bandugu. Mie ni mama ya batoto bane, tulitoka Uvira, tukapita kambi, sasa tuko Abilene. Shangazi aksanti sana, mambo unasema ni ya kweli.

Mie nataka kuongeza kitu moja juu kosa nilifanya. Wakati tulikuya kuandikisha mtoto wa kwanza ku masomo, balinipa karatasi inauliza munaongeaka luga gani ku nyumba. Mutu moja akaniambia andika Kingereza, ukiandika Kiswahili batamuweka na batoto bajinga. Nikaandika Kingereza. Mtoto akakaa mwaka muzima bila musaada, anakaa nyuma tu, hasikie kitu. Ile karatasi ukisema luga ingine, banatakiwa kumupima mtoto mbele ya juma ine kupita, kama Kingereza haiyafika banakuomba ruhusa, njo anapata mafundisho ya luga, na ku STAAR pia anaweza kupata musaada fulani, kama kompyuta kumusomea maswali ya hesabu. Ile njo batoto bale banafanyaka mutihani ingine ya TELPAS kila mwaka, kusikiliza, kusema, kusoma, kuandika. Si azabu, ni kuangalia luga inakomaa namna gani.

Na bamama, musingoye STAAR ya Kiswahili, haiko. Kispanyola iko mpaka darasa la tano, sisi hapana.

Mzee wa Arlington

Nawasoma nacheka. Sisi tulikaa chini ya mwembe, tulisoma kwa koroboi, tulichapwa na tukafaulu. Watoto wa siku hizi mnawabembeleza na "umejuaje". Fimbo mbili tu kesho anapata Masters.

Shangazi msaidizi wa darasa, Fort Worth

Shikamoo mzee wangu. Waliofaulu ndo wanaosimulia, wale ishirini na tano waliochapwa chini ya mwembe uleule wakaishia darasa la saba hawako kwenye listi hii kukujibu. Mimi mmoja wao ni kaka yangu.

Mzee wa Arlington

Marahaba. Hapo umenikamata.

Kaka wa Indianapolis

Naomba niingilie haraka, walioko nje ya Texas msibebe majibu haya mazimamazima. Kila jimbo na sheria yake. Hapa Indiana kuna IREAD, mtihani wa kusoma wa darasa la tatu, na kwa sheria iliyopitishwa 2024 mtoto asiyeupita ANAWEZA kurudishwa darasa, japo kuna misamaha, mmojawapo ni kwa watoto wanaojifunza Kingereza ambao hawajatimiza miaka miwili ya kupewa hayo mafunzo. Darasa la pili nao wanaufanya na akipita ndo imetoka. Tuko Warundi na Wakongo wengi hapa na wazazi hawajui, wanasikia mtu wa Houston anasema "hakuna kurudia" wanalala usingizi. Ulizeni shule mapema, mwezi wa nane, sio mwezi wa tatu.

Baba wa watatu, Dallas

Shukrani kaka, hiyo ni ya maana. Nami nikumbushe wa hapa Texas, hata STAAR yenyewe iko safarini. Bunge lilipitisha HB 8 mwaka 2025, kutoka mwaka wa masomo 2027-28 itaingia mitihani mitatu mifupi, mwanzo wa mwaka, katikati na mwisho. Kwa hivyo wenye watoto chekechea msinunue vitabu vya STAAR kwa ofa mkaweka stoo. Kuna mtu nimemwona Costco na toroli, sitamtaja, yuko kwenye hii listi.

Mama wa Houston, Juni

Wadau, nimerudi, mnisamehe kimya kirefu, kazi na mfungo vilinishika.

Matokeo yametoka. Hesabu Meets. Kusoma Approaches, kapita kwa chupuchupu. Baba yake kauliza "kwa nini si Masters", nikamwonyesha mlango wa nje akacheka akanyamaza.

Nilifanya mlichosema lakini sio vyote, nisiwadanganye. Vitabu niliviweka pembeni wiki ileile. Kuchapa tulichapa, kamwandikia bibi yake Tanga karibu kila siku, bibi naye akawa anajibu kwa sauti dakika sita za mambo ya kuku na nani kaolewa, binti anasikiliza mpaka mwisho. "Umejuaje" ikageuka balaa, sasa hivi ndo ananiuliza mimi. Nikimwambia kesho mvua, umejuaje? Nikimwambia hela hamna, umejuaje mama, nionyeshe. Mwalimu nilimwandikia bila samahani hata moja, akajibu siku hiyohiyo, akamweka kwenye kikundi cha watoto wanne, Jumanne na Alhamisi, tuisheni sikulipa hata dola. Kilichonishinda ni maktaba, na shifti za usiku tulienda mara tatu tu.

Sasa mniambie kama mlijua hili, maana mimi sikujua: kwenye ile karatasi ya matokeo kuna namba ya siri, unaingia nayo mtandaoni unaona kila swali na mtoto alijibu nini, mpaka insha yenyewe aliyoandika. Yake kapata 4 kati ya 10. Nimeisoma mara tatu. Mistari saba, spelingi za kwake mwenyewe, nukta kazimwaga popote. Ila mstari wa tatu kaandika najua hivi kwa sababu kwenye aya ya pili wamesema, na kweli nikaenda kwenye aya ya pili, ipo. Nimesikia insha nyingi wanasahihishiwa kwanza na kompyuta, karibu robo ndo zinapita kwa binadamu, sijui yake ilisomwa na nani ila mimi nimeshaisahihisha.

Mwakani darasa la nne. Kusoma bado kuna kazi, maneno magumu ndo yanamwangusha, mwenye orodha ya vitabu vya watoto vinavyovutia anitumie, sio vya nyuki, nyuki tumechoka nao.

Na vile vitabu vinne vya mazoezi viko hapa, kimoja kina machozi kurasa kumi na mbili za mwanzo, vitatu vipya kabisa havijafunguliwa. Mwenye mtoto wa darasa la tatu mwakani niko upande wa Alief hapa Houston, aje achukue bure, aniandikie kwanza asinikute nimelala.